Uso wa Mkata Mkonge

Ngamiani, Tanga, mwaka 1955

Jumapili, 6 Machi

Joto la kukaanga. Mvua bado.

Naanza kuandika tena. Yule Mtaliano aliyenifundisha kusubu sanamu za shaba ya kuyeyushwa kule Nairobi wakati wa vita, yeye mfungwa na mimi mfanyakazi wa karakana, aliniambia kwamba msubu shaba asiyeandika hali ya hewa na hali ya udongo wake ni mwehu. Niliporudi Tanga nikaandika kidogo, kisha nikaona sina cha kuandika. Maana nimesubu nini mimi Idarusi katika miaka yote hii? Vipini vya milango. Midila ya kahawa. Bushi za mashine za viwanda vya mkonge. Kengele moja ya misheni ya Maramba, ambayo nasikia inalia kama sufuria iliyoanguka. Kitu chenye macho sijakisubu hata kimoja tangu niagane na Mtaliano. Mvi zimeniota kwa kusubu vipini.

Jana alikuja Mgiriki mwenye shamba la mkonge njia ya Pangani. Mwezi wa sita shamba lake lina sherehe, na anataka getini isimame sanamu ya shaba ya mkata mkonge, kimo cha kunifika kiunoni, na kisu mkononi. Nikasema naweza hata kabla hajamaliza kusema. Mke wangu Mastura alikuwa nyuma ya pazia. Mgeni alipoondoka aliniletea chai, akakiweka kikombe sakafuni badala ya kunipa mkononi.

Jumatano, 9 Machi

Nimekwenda shambani kumchagua mtu. Mnyapara akanipangia wakata mkonge kwenye mstari kama mbuzi wa mnada, wakubwa kwa wadogo, wote wamenuna, kila mmoja akidhani nimetumwa kumpunguzia kazi. Sikumtaka hata mmoja. Pembeni alikuwapo kijana amekaa juu ya tita la mkonge anawacheka wenzake, lakini anacheka mdomo umefumba, cheko lote limo kwenye mashavu. Kope la jicho la kushoto limelegea kidogo. Mwiba wa mkonge ulimchoma alipokuwa mtoto. Nikasema, huyu.

"Shikamoo fundi," akasema. "Nasikia mnataka kumchemsha mtu."

"Marahaba. Tunachemsha shaba, si mtu."

"Basi afadhali. Mama angedai mchuzi."

Anaitwa Ernesti. Baba yake aliletwa kama manamba, kibarua wa mkataba, kutoka Songea, akafa hapo hapo shambani. Amebaki yeye na mama yake, Benedikta, ambaye huwafulia makarani nguo. Mama alitoka nje mikono ina povu, akaniamkia kwa heshima zote, akaniuliza jambo moja tu: "Atafanana?"

Nikamwambia atafanana. Nilikuwa najisifu.

Jumapili, 13 Machi

Ernesti amekuja na lori la katani baada ya misa. Amesimama karakanani tangu saa nne mpaka alasiri. Nimesuka waya, nimeupaka udongo wa kiini, kesho naanza kuuvika nta. Nta ni ya Maramba, safi, inanukia asali. Msafiri, mtu wangu wa mivukuto anayevuvia moto, Mbondei asiyejua kunyamaza, ameshinda akimfundisha Ernesti matusi ya Kibondei.

Jumapili, 20 Machi

Mikono yangu inajua mambo ambayo mimi nilishayasahau. Miguu imetoka, kifua kimetoka, hata kovu la kifundo cha mguu limetoka. Uso naukawiza makusudi, kama mtu anayeacha kipande cha nyama kando ya sahani akile mwisho.

Alasiri alikuja shemeji yangu, Mwalimu Sadalla, kaka yake Mastura, anayesomesha chuo cha Kurani mtaa wa pili. Aliizunguka nta mara mbili, mikono nyuma.

"Shemeji," akasema, "hiki n'ni?"

"Kazi."

"Kazi naiona. Nakuuliza hiki n'ni."

"Mtu anakata mkonge."

"Utampa roho?"

"Wallahi Mwalimu, mimi hata mke wangu sijaweza kumpa furaha, roho n'taitoa wapi?"

Hakucheka. Aliketi juu ya gogo la kufulia chuma, akasema nami kwa upole, na upole wake ndio unaoniudhi, maana mtu mkali ungemjibu. Alisema Siku ya Kiyama nitaambiwa nikipulizie roho nilichokiumba, nami sitaweza. Kisha akanipa njia. "Kata kichwa. Kiwiliwili bila kichwa ni kama gogo la mti, hakina neno. Mpe Mgiriki wako mtu asiye na kichwa, upate riziki yako, na sie tulale."

Nikamwambia sikuzaliwa kuja kusubu magogo. Akaaga. Mastura amenipa chakula, hakula nami.

Ijumaa, 25 Machi

Mvua ya kwanza. Mabati yanavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumapili, 3 Aprili

Mvua. Ernesti kaja amelowa chapachapa. Nimeanza uso.

Nimekuwa nikidhani uso ni pua na macho na mdomo. Kumbe uso wa huyu kijana ni lile kope. Nikililegeza mno anakuwa mlevi, nikiliinua anakuwa karani. Nililifanya nikalifuta, nikalifanya nikalifuta, hadi Msafiri akaondoka kwenda zake kunywa kahawa. Saa kumi hivi nikaligusa kwa ncha ya kidole tu, bila chombo, nikarudi nyuma, na Ernesti wa nta akanitazama kwa lile cheko la mashavuni. Nililia. Naandika hivi kwa sababu ni kweli na hakuna atakayesoma. Ernesti mwenyewe alitazama, akashika shavu lake, akasema, "Fundi, huyu si ndiye anayeniibia ugali?"

Jumapili, 10 Aprili

Pasaka yao. Hakuja. Mvua.

Jumapili, 17 Aprili

Amekuja, lakini anatetemeka. Nilimkalisha karibu na moto, Mastura akamletea uji wa pilipili manga kwa mkono wake mwenyewe, jambo lililonishangaza. Homa, akasema, dresa wa shambani kampa vidonge. Nikamrudisha na lori lile lile. Uso umekwisha, sikuwa na haja naye tena, na nilimwambia hivyo: "Usije tena, uso nimeshaupata." Alicheka mdomo umefumba.

Alhamisi, 21 Aprili

Dereva wa lori ameleta habari. Homa ilizidi, siku mbili mkojo mweusi. Ernesti amekufa.

Ijumaa, 22 Aprili

Nilitoka alfajiri kwenda kuzika. Daraja lilikuwa limefunikwa na maji, mimi na dereva tukakaa upande wa huku mpaka adhuhuri. Nilipofika, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na mvua inachimba vijito juu yake. Benedikta alikuwa ameketi mlangoni pake, nguo za makarani zimelowekwa kwenye karai bado. Nilimpa mkono wa pole. Nikasema yale yasemwayo.

"Sina picha yake, fundi," akasema. "Alisema atapiga Krismasi."



Jumapili, 24 Aprili

Kufunga mosi. Mvua.

Benedikta amekuja. Kashuka kwenye lori, kaulizia mpaka kanipata, nguo nyeusi ya kuazima imemzidi mwili. Alipiga hodi akasimama kizingitini. Nilitaka kwanza kumwandaa, nimwambie maneno mawili matatu, lakini nta ilikuwa pale pale mezani inamtazama.

Hakupiga kelele kama nilivyoogopa. Alikwenda, akavua kilemba, akafuta mikono kwenye nguo kama mtu anayekwenda kupokea mtoto, kisha akaweka kidole juu ya lile kope.

"Ee," akasema. "Ee. Ndilo."

Alikaa naye mpaka lori likapiga honi. Wakati wa kuondoka akaniambia: "Njia ya kisimani inapita getini. Nitakuwa nampita asubuhi na jioni. Nitamwambia hujambo mwanangu, basi, inanitosha."

Sasa si kazi ya Mgiriki tena. Uso wa Ernesti hauko popote duniani ila katika hii nta, na nta ni kitu cha kuyeyuka. Njia ya kuusalimisha ni moja: kuufunika kwa udongo, kuuyeyusha, na kumimina shaba mahali pake. Nikikosea hakuna wa pili. Naogopa kuliko nilivyoogopa wakati wa vita.

Alhamisi, 28 Aprili

Mtaa wetu hufuturu nje, kila nyumba inatoa sinia yake, wanaume wanakaa pamoja. Leo nimetandika mkeka kama miaka yote. Hakuna aliyeketi. Si kwamba wamenitukana, la. Walipita wakanisalimu, wakaketi mkeka wa jirani, wakabanana. Nimekula tende na Msafiri, ambaye ni wa kanisa na hata hafungi.

Jumapili, 1 Mei

Mvua. Mvua. Udongo wa kupaka nimeuchanganya na samadi, unakataa kushikamana.

Jumatano, 4 Mei

Leo nimefanya jambo na sijui kama nimefanya vema.

Msubu yeyote anajua: mtu husubiwa kichwa chini. Unamgeuza miguu juu, unamtilia vijiti vya nta, vingine vya shaba kupitia, vingine vya hewa kutokea, na shaba inaingia kupitia nyayoni. Kichwa kinajaa kwanza, kwa shaba ya moto iliyo safi. Uchafu na mapovu hupanda juu, yakaishia miguuni, na mguu mtu anaweza kuutengeneza kwa tupa. Hivyo alinifundisha Mtaliano, na hivyo nilikuwa nafanya leo asubuhi: Ernesti wa nta amening'inia kwa kamba miguu juu, mimi nachomeka vijiti.

Benedikta akaingia.

Sijapata kusikia sauti ile. Alimkimbilia akamkumbatia kiunoni kumpandisha, nikapiga kelele asije akamvunja, Msafiri akamshika mabega. Tulipomtuliza nikamweleza, kama ninavyoeleza hapa. Alisikiliza yote. Alielewa, si mjinga yule mama.

"Na kisha mtamfukia shimoni?"

"Kalibu, ganda la udongo nitakalomvika, inafukiwa kwenye shimo la mchanga, mama, isipasuke. Muda wa kumimina tu."

"Kichwa chini."

"Kichwa chini."

"Fundi," akasema, "mara ya kwanza nilimzika kwenye maji. Nililiona sanduku linaelea, wakalikanyaga ili lizame. Sasa mnamfukia tena, miguu juu kama popo? Baba yangu, nakuomba. Msimamishe. Azikwe hata kwa hiyo saa moja kama mtu."

Alipiga magoti kwenye majivu. Mama mzima, na povu la sabuni limekaukia viwikoni.

Mastura alikuwa mlangoni. Ndiye aliyesema: "Bwana, msimamishe mtoto wa mwenzio." Ni neno la kwanza la huruma alilolisema juu ya kazi hii, na huenda ndilo lililonimaliza. Nikakata kamba. Nimevitoa vijiti vyote, nimevichomeka upya, sasa yuko wima, kichwa juu. Shaba itashuka kwa pembeni, itaingilia nyayoni, na itapanda hadi usoni mwisho wa yote.

Msafiri alingoja mama aondoke. "Fundi, ikifika huko juu itakuwa imechoka."

"Najua."

"Na ikipungua?"

"Nimesema najua, Msafiri."

Jumapili, 8 Mei

Nimempaka udongo wa kwanza, laini, kwa brashi ya manyoya ya kuku. Kope nimelipaka mwenyewe kwa kidole. Sasa uso umefunikwa na hatutauona tena mpaka uwe shaba. Nilikaa muda nikitazama bonge la udongo.

Jumatano, 11 Mei

Mvua. Haukauki.

Jumamosi, 14 Mei

Mvua. Haukauki. Nimeweka majiko manne kuzunguka kalibu, karakana imekuwa tanuri, nje maji. Nimefunga, koo limekauka, udongo tu ndio haukauki.

Alhamisi, 19 Mei

Mgiriki ametuma mtu: sherehe ni tarehe kumi na nane ya mwezi ujao, wageni wameshaalikwa. Mwalimu Sadalla naye ametuma salamu: bado sijachelewa kukikata kichwa. Kila mtu ananihesabia siku, na juu ya vichwa vyetu mvua.

Jumanne, 24 Mei

Idi. Nimeswali, nimerudi. Miaka yote sahani za jirani huingia hapa mpaka zinakosa pa kuwekwa. Mastura alipika bokoboko la watu ishirini. Jioni kampa mbuzi wa jirani. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Jumapili, 29 Mei

Kuni mbichi. Zinatoa machozi na moshi, moto hazitoi.

Ijumaa, 3 Juni

Jua, tangu jana! Tumeiingiza kalibu tanurini. Nta imetoka. Niliitazama ikitiririka kwenye karai, ya manjano, safi. Ule ulikuwa uso wake. Msafiri akaondoa kofia.

Jumapili, 5 Juni

Mvua ilirudi asubuhi ikazima nusu ya tanuri. Tumewasha upya.

Jumatano, 8 Juni

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nitaandika yote, hata nikichelewa.

Jana baada ya adhuhuri nilipima kalibu kama alivyonifundisha Mtaliano: unaweka kioo kwenye tundu la hewa kama mtu anayepima pumzi ya mgonjwa. Kikibaki kikavu, mimina. Kikifanya ukungu, ngoja. Kilifanya ukungu kidogo sana, pembeni. Nikakifuta, nikajiambia ni jasho la mkono wangu. Nikapima mara ya pili. Ukungu ule ule. Nikakitia kioo mfukoni.

Naapa nilijua. Lakini wingu lilikuwa linapanda tena upande wa Pangani, sherehe imekaribia, na mimi nimechoka. Nimechoka na mvua, na mkeka mtupu, na kumwambia yule mama kesho, kesho. Nikasema tufukie shimo.

Tulimsimamisha, tukamfukia kwa mchanga hadi utosini. Msafiri akakaa kwenye mivukuto. Shaba ilikuwa ya rafadha kuukuu, propela ya meli kutoka bandarini, na bati nililoliongeza mwenyewe, na ilipoiva iligeuka ile rangi ambayo siwezi kuieleza, mtu huijua kwa kifua. Tukakiinua chungu kwa koleo, mimi na yeye. Nikasema Bismillahi. Nikamimina.

Iliingia vizuri mwanzoni. Nilisikia ikishuka, sauti ya maji katika mtungi. Nilihesabu moyoni sehemu za mwili wake: nyayo, magoti, kiuno, kifua. Kisha chini yetu pakanguruma. Unyevu. Kalibu ilikohoa mara moja, na shaba ikaruka kutoka mdomoni mwake ikafika darini, ikamwagika mchangani, ikanipata mkono wa kulia toka kifundo hadi kiwiko. Sikukiacha chungu. Nilipiga ukelele lakini sikukiacha, nikaendelea kumimina yote iliyobaki mpaka kikawa kitupu. Matundu ya hewa pale utosini, ambako shaba ilipaswa itokee kuonyesha kwamba amejaa, yalibaki meusi.

Msafiri aliyachungulia, asiseme neno. Mtu asiyejua kunyamaza.

Mastura amenipaka mkono asali na majivu. Ananipepea. Sijui kama ni mkono unaouma.

Ijumaa, 10 Juni

Tumevunja kalibu leo.

Tulianzia chini. Nyayo zimetoka. Vidole, kucha, kovu la kifundoni, yote, sijapata kuona shaba imetii hivyo katika maisha yangu. Magoti. Kisu na vidole vilivyokishika. Mbavu. Moyo ukaanza kunidanganya. Nikapiga nyundo taratibu, udongo ukaanguka mabegani, ukaanguka shingoni, na juu ya shingo nyundo ikazama. Udongo mtupu. Shaba imeishia kwenye koo, imejikunja ukingoni kama mdomo wa mtungi.

Nilichimba ule udongo wa kichwa kwa vidole vya mkono mzima, nikitafuta. Sijui nilikuwa natafuta nini. Ndani ulikuwa umeshika sura yake kwa kinyume, tundu la pua, tundu la shavu, nikaliona kope kwa nukta moja, shimo dogo lililolegea, na kwa kulichimbua nikawa nimelivunja. Ukawa vumbi.

Msafiri alikaa chini. "Angekuwa kichwa chini," akasema polepole, "tungekosa miguu."

Nikamwambia akirudia neno hilo mbele ya mama yule nitamuua. Ndivyo nilivyosema, na nilimaanisha.

Jumapili, 12 Juni

Mwalimu Sadalla amekuja. Aliposikia alikuja mbio, amevaa kanzu ya Ijumaa. Akaitazama sanamu, akaufuta uso wake kwa viganja viwili.

"Shemeji, umeona? Wewe umekataa kukikata, Mola mwenyewe kakukatia. Hiyo ni rehema."

Alikuwa na machozi. Ananipenda, yule bwana, ndilo linaloniumiza. Akaniombea dua pale pale, akaitikiwa na watu wa mtaa waliomfuata. Jioni sahani zikaanza kuingia. Maandazi, wali, samaki wa kupaka. Walikaa mkekani pangu wakabanana, wakaniuliza mkono wangu unaendeleaje. Nilikula. Kila tonge lilikuwa kama nta.

Jumatano, 15 Juni

Mgiriki alikuja kuangalia. Nilikuwa nimeshajitayarishia maneno ya kuomba radhi, nimwambie aitupe, nami sitamdai kitu. Nilitamani anitukane. Alisimama akainamisha kichwa upande huu na huu, kisha akapiga makofi.

"Fundi! Kwetu Ugiriki sanamu za zamani ziko hivi, nyingi hazina kichwa, na watu wanavuka bahari kuja kuzitazama. Hii ni nzuri zaidi. Sasa ni mkata mkonge yeyote."

Ni mkata mkonge yeyote! Nikamwambia alikuwa na jina. Alikuwa ameshaanza kuwaelekeza watu wake namna ya kuipakia.

Kwa hiyo Mwalimu ameridhika, Mgiriki ameridhika, mtaa umeridhika. Katika maisha yangu yote ya ufundi sijasubu kitu kilichowafurahisha watu wengi kiasi hiki.

Jumamosi, 18 Juni

Sherehe. Ngoma, bendera, ng'ombe watatu. Sikutaka kwenda, lakini nilijua Benedikta atakuwapo na hakuna aliyemwambia.

Walipoondoa kitambaa watu wakashangilia. Benedikta alikuwa nyuma, na wanawake wa kambini. Akapenya, akapita wazungu wote na vikombe vyao, akafika. Alianzia miguuni kama mimi. Alipiga magoti akaishika miguu, akaligusa kovu, akatabasamu. Nilimwona akitabasamu. Kisha akainua macho taratibu, kiunoni, kifuani, mpaka pale.

Mnyapara akamwondoa kwa adabu, wageni wanataka kupiga picha.

Alinikuta nyuma ya ghala la katani. "Uso?" akasema.

"Mvua, mama. Kalibu ilikuwa mbichi."

"Ungemweka vile ulivyotaka wewe, miguu juu, uso ungekuwapo?"

"Hapana. Ni mvua tu."

Alinitazama sana. Akautazama mkono wangu uliofungwa. "Fundi," akasema, "wewe hujui kusema uongo." Akajifunga kilemba, akaenda zake. Mimi nilijua yote mawili, ya kichwa na ya kioo, na katika yote mawili nilinyamaza pale pale palipotakiwa kusema. Yeye aliomba tu. Mama huomba.

Jumamosi, 25 Juni

Nimechukua nta upya. Nimejaribu uso kwa mkono wa kushoto. Umekuja wa karani.

Jumatano, 29 Juni

Umekuja wa mlevi.

Ijumaa, 1 Julai

Umekuja wa Msafiri. Jana ulikuja wangu mwenyewe. Nimeiponda.

Jumapili, 3 Julai

Nilimtumia Benedikta habari, amekuja. Nimemkalisha kwenye gogo, nta mbele yangu laini, tayari. Nikamwambia: mama, nimpoteze mimi si ajabu, nilimjua kwa Jumapili chache. Wewe umemzaa. Niambie, mimi nifuate. Tuanze na kope.

Akafumba macho. Mastura naye alikuja akakaa chini kando yake, akamshika mkono. Nikangoja.

"Kope," akasema. "Lilikuwa..." Akajaribu tena. "Alikuwa akicheka, shavu..." Vidole vyake vikapanda hewani kama vinashika kitu, vikakaa hapo, vikashuka.

"Usifanye haraka, mama."

"Si haraka, fundi. Napita pale getini asubuhi na jioni, kisima ni kimoja. Sasa nikifumba macho namwona yule." Akafumbua. "Yule wenu. Miguu yake naiona, mikono yake naiona, nikipanda juu hakuna mtu."

Aliyelia ni Mastura. Benedikta hakulia. Alinishukuru kwa maji ya kunywa, akaliwahi lori.

Jumatatu, 4 Julai

Mtu wa reli ameagiza vipini vya milango.

Alhamisi, 7 Julai

Jua kali tangu Jumatatu. Udongo unakauka kwa siku moja.